Kukompaili glibc 2.28 kwenye CentOS 7: zana gani utumie, na wapi usiguse

Mkuu, umesema Node.js 18 (programu ya kuendesha JavaScript) imekugomea kwenye seva ya CentOS 7, mfumo wa Linux, kwa kuwa inataka GLIBC_2.28, yaani toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya C (libc) ambayo programu za Linux huitegemea. Ukashusha kodi (source code) ya glibc, na configure, skripti inayokagua mashine kabla ya kukompaili, ikakujibu kwamba zana za ujenzi make, bison na kompaila ama hazipo ama zimepitwa na wakati. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, tena vibaya.

Ulivyochagua 2.28 umefanya sawa. Wengi hukimbilia toleo jipya kabisa, halafu wanashangaa orodha ya masharti inarefuka: glibc ikiwa mpya, nayo inadai zana mpya. Fungua faili la INSTALL lililomo ndani ya kifurushi. 2.28 inataka angalau make 4.0, GCC 4.9 (GCC ndiyo kompaila) na bison 2.7. CentOS 7 ina make 3.82 na GCC 4.8.5. Yaani kompaila umeikosa kwa unywele tu, inauma!

Sasa usije ukaanza kukompaili GCC ili upate ya kukompailia glibc. Nilijaribu kwenye mashine ndogo, nikalala ikiwa inahangaika, nikaamka nikakuta imekufa kwa kuishiwa memori. Tumia devtoolset-8, seti ya zana za ziada za CentOS 7: inakupa GCC 8 na make mpya bila kugusa zile za mfumo. Ukishaisakinisha, andika scl enable devtoolset-8 bash ili kuiwasha, kisha hakikisha kwa gcc --version na make --version kuwa unaziona mpya. Bison ya yum, kisakinishi cha vifurushi cha CentOS, inatosha. Yum ikigoma kabisa, kumbuka CentOS 7 ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Itabidi uelekeze anwani za vifurushi kwenye vault.centos.org.

Kwenye kukompaili kwenyewe, tengeneza folda ya pembeni na uite configure ukiwa humo. Ndani ya folda ya kodi itakukatalia. LD_LIBRARY_PATH (orodha ya folda ambamo maktaba hutafutwa) isiwe na folda uliyomo, na hata koloni iliyosahaulika mwishoni inahesabika hivyo. Na usiondoe -O2, chaguo la kompaila la kuwasha optimaizesheni, ukidhani unarahisisha kazi, maana glibc bila optimaizesheni haikompailiki.

Ila la muhimu kuliko yote ni --prefix, chaguo la configure linalosema glibc isakinishwe wapi. Weka --prefix=/opt/glibc-2.28, usiweke /usr.

Mimi kwa kiherehere changu nilichukua libc mpya nikaielekezea kiungo cha /lib64/libc.so.6. Sekunde ileile ls ikatoa "relocation error". cp hivyohivyo. Nikajaribu kuingia kwa SSH kupitia dirisha jingine, nikatupwa nje. Karibu kila programu kwenye mashine inaitegemea libc, na libc mpya haielewani na ld-linux ya zamani (kipakiaji kinachounganisha programu na maktaba zake inapoanza), kwa hiyo nilikuwa nimeing'oa ngazi niliyosimama juu yake. Na ilikuwa seva ya kazini, saa nne usiku.

Kilichoniokoa ni kwamba terminali ya kwanza sikuifunga. Bash iliyokwisha kupanda kwenye memori iliendelea kufanya kazi, na CentOS 7 ina kiprogramu kinaitwa sln ambacho hakitegemei libc ya nje. Nikaandika:

/sbin/sln /lib64/libc-2.17.so /lib64/libc.so.6

ls ikarudi. Sijawahi kufurahia orodha ya mafaili kiasi kile.

Ukishasakinisha kwenye /opt, programu unaiendesha kwa kuita ld-linux-x86-64.so.2 iliyo humo ndani, unaipa --library-path, kisha jina la programu. Hapo Node itakuletea madai mapya: GLIBCXX_3.4.20 na CXXABI_1.3.9. Hiyo si glibc tena, ni libstdc++, maktaba ya C++, na devtoolset haikuletei faili jipya la libstdc++.so.6. Itabidi ulipate kwingine na folda yake uiongeze kwenye ile --library-path.

Kama ni programu moja ya dharura, endelea hivyo. Kama seva itabaki kazini mwaka mzima, usijichoshe. Sisi baada ya wiki mbili za viraka tulihamia AlmaLinux 8, mfumo mwingine wa Linux, ambayo inakuja na glibc 2.28 ndani yake. Ukikwama kwenye configure, bandika hapa mistari ya mwisho ya config.log (kumbukumbu inayoachwa na configure) tuione.