Wadogo zangu wa tafsiri, "bahari ya nyuso" ndo nini?

Jana napitia sabtaito za dogo mmoja nakutana na "aliona bahari ya nyuso". Nikafunga laptop nikaenda kunywa chai. Haya, tukae kidogo.

1. Mzungu akizidiwa na anachokiona anakimbilia nomino: a sea of faces, a wall of noise. Kwetu hiyo kazi anaifanya kitenzi na vile vineno vyake vya mkiani: watu wamefurika, ukumbi umejaa pomoni, kimya jii, giza totoro. Usianze kutafuta "sea", jiulize huyu mtu kaona nini.

2. A riot of colour. Hapa nakaa, maana kovu ni langu. Nilipewa brosha ya hoteli moja Arusha, wanataka wageni wa ndani, picha ya bustani, mijakaranda imechanua ile zambarau ya mwezi wa kumi. Mimi saa nane usiku, dedilaini asubuhi, kamusi mapajani, riot ghasia, colour rangi, nikaandika "Karibu ujionee ghasia za rangi katika bustani yetu". Na nikajisifu jamani, nikaona nimetunga shairi! Sikusoma kwa sauti, sikumwonyesha mtu, nikatuma, wakachapa. Baada ya wiki simu, mama mmoja wa mapokezi, sauti ya upole ile inayouma kuliko matusi: "Mwanangu, wageni wanauliza, hapa kwetu Wazungu na Waafrika wanapigana?" Maana rangi ukiilaza jirani na ghasia mtu anawaza ngozi, anawaza Makaburu. Brosha zikawashiwa jiko, hela yangu ikaondoka na moshi. Na jibu lilikuwepo tu: bustani imechanua rangi hadi macho yanakosa pa kutua.

3. It was all a blur. Si "ukungu", tafadhali. Wa ajali hakuelewa hata kilichotokea, aliyekula ngumi anaona maluweluwe, aliyemulikwa taa za fuli katiwa kiwi. Kiingereza kinawafunika wote watatu shuka moja, we wafunue.

4. Someni kwa sauti.

5. Nyomi, yaani umati wa watu, ni neno tamu la mtaani ila si kwenye taarifa ya msiba, na aliyefanya hivyo juzi anajijua.

Wa bahari ya nyuso, faili nimekurudishia. Nalitaka kabla ya saa kumi, chai nishamaliza.