Umeme ukirudi, skrini ya kalenda inasema cheti kimeisha muda

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi niko Mikindani. Nina Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nimeifunga nyuma ya monita ya zamani sebuleni inatuonyesha kalenda ya familia, zamu za wife hospitali, tarehe za ada, siku za mnada wa korosho. Msimu huu tulihamia shamba Tandahimba miezi kadhaa, kurudi naiwasha inaleta NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, eti cheti cha usalama. Kwenye simu kalenda hiyohiyo inafunguka freshi kabisa. Jamaa mmoja kaniambia nizime ukaguzi wa vyeti kwenye brauza yaishe. Nizime?

JIBU: Nzuri kaka, poleni na shamba. Usizime. Hapo umelogin akaunti ya familia nzima, ukizima ukaguzi hata mtu mwenye hotspoti yake anaweza kujifanya ndo kalenda yenu na brauza isishtuke.

Na kwanza cheti chenyewe hakina tatizo, kingekuwa kimeisha kweli hata simu ingelalamika. Mi nashuku saa. Cheti ni kama kitambulisho cha tovuti, kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na brauza inazilinganisha na saa ya kifaa chako tu. Sasa hiyo Pi 3 haina betri ya saa kama ile ya duara iliyoko kwenye mazabodi za desktop, ukizima umeme saa inasimama, ukiwasha inaanzia pale ilipojiandikia mara ya mwisho kwenye memori kadi. Kwa hiyo yenyewe inajua bado hamjaenda Tandahimba! Vyeti vya siku hizi vingi ni vya muda mfupi, vya Let's Encrypt kwa mfano, shirika linalotoa vyeti bure, siku 90 tu, kwa hiyo kilichotolewa mkiwa shamba Pi inakiona ni cha mbeleni huko, hakijaanza kazi, na kosa linaloandikwa ni lilelile la tarehe, kiwe kimeisha au hakijaanza.

Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika timedatectl, angalia tarehe, halafu angalia palipoandikwa System clock synchronized. Ikiwa no, andika sudo timedatectl set-ntp true ili Pi ichukue saa mtandaoni, subiri kidogo, rifreshi ukurasa. Ikigoma hapo kuna uwezekano ruta imefunga poti 123 ya UDP ambayo saa inapitia, jaribu kwa hotspoti ya simu, na ukiwa na haraka weka tarehe kwa mkono kwa sudo date -s.

Ila kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi itakusumbua tena, maana ukirudi Pi inaweza kuwaka chapu kuliko ruta, brauza inafunguka intaneti haijakaa sawa, inakula kosa na kuganda hapohapo hata saa ikishajirekebisha, we ukipita unaona skrini ya kosa unadhani cheti. Dawa ya kudumu ni moduli ndogo ya saa, DS3231, ina betri yake, unaichomeka kwenye pini za Pi na kuongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi (mwenye Pi 5 saa anayo ndani tayari, betri ndo ananunua pembeni). Hutaki kununua kitu, basi kwenye skripti inayofungua brauza weka isubiri mpaka timedatectl show -p NTPSynchronized --value ijibu yes ndo ifungue.

Wenye tableti za zamani ukutani msichanganye na hili. Android ya chini ya 7.1.1 haikijui cheti mama cha Let's Encrypt, ISRG Root X1, yaani kile kinachothibitisha vyeti vyao vingine, na ile njia ya kuzibeba Android hizo za zamani ilifika mwisho Septemba 2024, kwa hiyo hata saa iwe sawa kurasa nyingi zitagoma. Hapo dawa ilikuwa Firefox, yenyewe inakuja na vyeti mama vyake, haitegemei vya Android, ila matoleo yake mapya hayaingii tena kwenye Android hizo, mtabaki na toleo la zamani.