Kumeza dawa si mwisho wa safari: kwa wanaoanza kazi ya dirisha la dawa

Wadogo zangu mnaoanza kazi famasi na kwenye maduka ya dawa, naomba mlitilie maanani jambo ambalo wengi huliacha darasani wakishafaulu mtihani: ufyonzwaji wa dawa. Mgonjwa akishameza kidonge, dawa bado haijafika kwenye damu. Sharti iyeyuke, ishuke mpaka utumbo mwembamba, ipenye ukuta wake na kupita kwenye ini, ndipo izunguke mwilini. Alichokula au kunywa nayo kinaweza kuifungulia njia au kuiziba. Kwa hiyo ukiandika "1x3" juu ya bahasha umefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuuliza: utaimeza na nini?

Anzeni na dawa ya mseto ya malaria, maana mtaitoa kila siku. Ndani yake mna artemeta, inayopunguza vimelea haraka, na lumefantrini, inayobaki kwenye damu siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Lumefantrini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Watu wazima wenye afya walipopimwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi cha lumefantrini kinachofyonzwa mara 16 kuliko kuimeza tumbo likiwa tupu. Mara 16! Anayeimeza kwa maji matupu anaweza kuona homa imeshuka, akafurahi, kisha baada ya wiki mbili tatu malaria ikarudi. Hapo atasema umemuuzia dawa feki.

Shida ni kwamba mwenye malaria hana hamu ya kula. Ukimwambia "kula vizuri kwanza" ataitikia tu, akifika nyumbani hali. Mwambie kitu anachokiweza: kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta, karanga za kujaza kiganja, kipande cha parachichi, uji uliotiwa karanga za kusaga. Hahitaji sahani ya chipsi, mafuta kidogo tu yanaleta tofauti kubwa. Mtoto anayenyonya, anyonyeshwe. Msisahau dozi ya pili, ambayo ni saa nane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa 12 jioni ataamka saa 8 usiku, nyumba imelala na jiko limezimwa. Mshauri aweke karanga au maziwa karibu na kitanda kabla hajalala. Na akitapika ndani ya saa moja, dozi hiyo irudiwe, kwa hiyo aje achukue vidonge vingine badala ya kupunguza vilivyobaki.

Sasa maziwa hayohayo yanageuka adui. Mitaani kwetu watu huamini maziwa hukata makali ya dawa, kwa hiyo mtu akipewa antibiotiki anayoiona kali hupitia dukani kuchukua pakiti ya maziwa ashushie. Kwa tetrasaiklini na siprofloksasini ni kosa. Kalisi ya maziwa hushikana na dawa tumboni, vikawa kitu kimoja kisichopenya utumbo, na dawa ikatoka na choo. Chuma, zinki na vidonge vya magnesiamu vya kiungulia hufanya vivyo hivyo, na kwa siprofloksasini magnesiamu ni mbaya kuliko maziwa. Siprofloksasini imezwe saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia au saa 6 baada yake. Doksisaiklini huathirika kidogo na maziwa kuliko tetrasaiklini ya zamani, ila yenyewe inataka maji mengi na mgonjwa asilale papo hapo, isije ikamchoma koo. Ukiona mtu ananunua antibiotiki na dawa ya kiungulia kwa pamoja, simama hapo umuulize. Mwezi wa Ramadhani ndiyo zaidi, kwa sababu dawa zote husogezwa futari na daku zikakutana tumboni.

Wajawazito ndio ninaowaombea subira yenu. Mama anapewa vidonge vya kuongeza damu, anavimeza asubuhi na chai ya rangi kwa sababu ndicho kinywaji kilichopo. Chai huzuia chuma kufyonzwa kwa kiasi kikubwa, kahawa vilevile. Avimeze kwa maji au juisi ya chungwa, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kupita, na chai aisogeze mbele saa moja au mbili. Kama tumbo linamsumbua, ni heri ale kidogo kuliko kuviacha kabisa. Mwambieni mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, kwa sababu ya chuma kisichofyonzwa. Asiyeambiwa huogopa akaviacha siku ya tatu.

Na kama mama huyo anatumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri, chuma na kalisi huishika nayo. Ameze vyote pamoja na chakula, au atangulize dolutegraviri saa 2 kabla ya chuma au kalisi, au aimeze saa 6 baada yake. Hili lizungumzeni faragha, kamwe si kwa sauti mbele ya foleni.

Ziko dawa ambazo hatutaki zifyonzwe sana. Albendazoli ya minyoo ya tumboni hufanya kazi palepale utumboni, hivyo chakula si sharti. Daktari akiiandika kwa minyoo iliyoingia kwenye ubongo au ini, hapo mlo wenye mafuta unatakiwa, ili ifike huko. Kidonge ni kilekile, maelekezo tofauti, kwa hiyo someni cheti hadi mwisho.

Kwenye bahasha andikeni kwa kalamu inayosomeka: "na maziwa", "bila maziwa", "si na chai". Kisha mwombe mgonjwa akueleze mwenyewe atakavyoimeza leo usiku. Akisema "na chai kama kawaida", bado hamjamaliza, hata foleni iwe ndefu vipi.