Jibu: riwaya iliyonivunja moyo

Ndugu, umeuliza ni riwaya gani iliyotuumiza kiasi cha kubadilisha tunavyowatazama watu. Kwangu ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi anayempiga bila huruma kwa sababu ya barua tu ya mvulana, na anamlea kwa kumtenga kabisa na wavulana. Akifika shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, hajui kabisa namna ya kujilinda na wanaume.

Kuna kurasa utamkasirikia Rosa. Mimi nilimkasirikia sana! Lakini Kezilahabi ameshakuonyesha nyumba aliyotoka, kwa hiyo kila unapotaka kumhukumu unamkumbuka Zakaria na ile barua. Tangu hapo, nikisikia binti wa watu anaitwa malaya, nataka kwanza kujua nani alimlea na kwa namna gani.

Kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni, jambo linalonisikitisha mpaka leo, maana wasichana wa umri ule ndio walioihitaji. Mwisho wake ni mzito mno, jiandae. Ukiipenda, tafuta na riwaya yake nyingine, Kichwamaji.