Jibu: Nalipia Mbps 200, kompyuta inagota 94

Habari mkuu. Umelipia faiba ya Mbps 200 (megabiti kwa sekunde, yaani kasi ya intaneti) hapo Kisasa, kompyuta ya waya haivuki 94, iwe alfajiri au usiku. Hiyo namba nakutana nayo sana kwa wateja wangu hapa Dodoma. Usigombane na kampuni kwanza. Laini ikielemewa, kasi hupanda na kushuka. Yako imeganda, yaani ruta na kompyuta vimekubaliana Mbps 100, ambayo kwenye kipimo hutoka kama 94.

Anza na waya. Gigabiti (Mbps 1000) inataka nyuzi zote 8 za ndani ya waya, Mbps 100 inatosheka na 4, kwa hiyo kichwa cha waya kilichobanwa ovyo bado kitakupa intaneti, tena bila kulalamika. Badilisha waya. Ikibaki 94, kagua tundu za ruta na kompyuta. Ruta nyingi za bei rahisi huishia 100 (muuzaji hakwambii).