Kabla hujasema dawa ya depresheni imeisha nguvu

Kama unakunywa dawa ya depresheni na unaona kama imeacha kufanya kazi, kuna kipimo cha damu kinachoangalia dawa iliyomo mwilini ni kiasi gani. Kilinisaidia sana, ila wengi wanadhani kinakwambia dawa inafanya kazi au haifanyi, na hapo ndo watu wanapotea. Kinakwambia dawa imefika kiwango kwenye damu au haijafika, basi.

Mi nilikuwa kwenye amitriptilini, ya usiku. Mwaka wa kwanza nilikuwa vizuri kabisa, afu taratibu ile hali ikarudi, naamka saa tisa usiku natazama dari mpaka kunakucha, chakula hakipiti, simu ikiita naiangalia tu mpaka inakata. Nikajiambia mwili umeshaizoea dawa. Daktari akaandika kipimo, majibu yakaja 41. Kwa dawa hii wanajumlisha amitriptilini yenyewe na nortriptilini ambayo ini linaitengeneza kutoka humo humo, na jumla inatakiwa iwe kati ya 80 na 200, nanogramu kwa mililita, kwa hiyo nilikuwa chini sana na daktari akashika kalamu aongeze dozi.

Ikabidi niseme ukweli. Nilikuwa naruka. Usiku ambao kesho yake nina kazi mapema siinywi, kwa sababu naamka mzito na mdomo umekauka, na kabla ya kipimo nilikuwa nimeinywa siku mbili tu mfululizo ili nionekane nafuata masharti. Tafadhali usifanye hivi. Angeongeza dozi kwa namba ile, afu mi nianze kunywa kila siku, ningejikuta na dawa nyingi kupita kiasi, na hizi za aina ya zamani zikizidi zinavuruga mapigo ya moyo.

Tukaanza upya. Wiki 2, kila siku saa tatu usiku, bila kuruka, maana kiwango kinahitaji muda mpaka kitulie, amitriptilini ni kama wiki hivi, fluoksetini, dawa nyingine ya depresheni, inaweza kufika mwezi na zaidi. Damu ikatolewa saa tatu asubuhi, masaa 12 kamili toka nimeze. Mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza nimekunywa saa ngapi, na namba isiyo na saa haisomeki, kwa hiyo wasipouliza sema mwenyewe waandike. Kama ya kwako ni ya asubuhi, siku hiyo ibebe, utolewe damu kwanza ndo umeze.

Safari hii 118. Usingizi ulikuwa umerudi, lakini kwenye PHQ-9, yale maswali 9 ya kupima depresheni ambayo alama zikipanda hali ni mbaya zaidi, nilikuwa bado na 14 kati ya 27, na kwenye daftari langu siku nne mfululizo nimeandika maneno mawili tu, "sina hamu". Tukaipa mpaka wiki ya 6, bado 13. Dawa inafika na haitoshi, sasa hapo ndo tukabadilisha, kidogo kidogo, tukiwa na uhakika.

Kwa dawa za depresheni za aina mpya kama sertralini, ile namba haiendani sana na unavyojisikia, ila inaonyesha kama unaimeza kweli, au mwili wako unaivunja haraka, au kuna dawa nyingine inaingilia. Karbamazepini (ya kifafa) na rifampisini (ya TB) zinashusha kiwango cha dawa nyingi za depresheni, fluoksetini inapandisha amitriptilini, kwa hiyo nenda na orodha ya kila unachomeza.

Mawazo ya kujidhuru yakikujia usisubiri majibu ya maabara, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usiache dawa ghafla eti kwa kuwa "haifanyi kazi", maana zile siku nilizokuwa naruka nilipata kichefuchefu na jasho la usiku nikaona depresheni imepamba moto, kumbe sehemu yake ni mwili ulikuwa unaidai dawa.