Siku mbili Rapa Nui? Ongeza

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuona sanamu za Kisiwa cha Pasaka, yaani Rapa Nui. Kwa mbio zitatosha, ila ni hasara. Ndege kutoka Santiago tu ni kama saa tano, maana kisiwa kiko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile. Kaa angalau siku nne.

Kabla ya kupanda ndege hakikisha una tiketi ya kurudi na malazi yaliyosajiliwa, au barua ya mwaliko ya mwenyeji. Mgeni haruhusiwi kupitisha siku 30.

Tiketi ya hifadhi ya taifa ndiyo inayowachanganya wengi. Sehemu nyingi za hifadhi huingii bila mwongozaji wa pale kisiwani, na Rano Raraku unaingia mara moja tu kwa tiketi hiyo. Basi usiende huko jioni umechoka! Ndiko kwenye machimbo walikochongwa karibu moai wote, yaani zile sanamu za mawe, na mamia bado wapo, wengine wamefukiwa hadi mabegani, wengine hawakumaliziwa kuchongwa. Mimi ningetumia nusu siku pale.

Ahu Tongariki, jukwaa la mawe la sanamu, nenda alfajiri. Moai 15 wamesimama safu moja. Tsunami ya 1960 iliwatawanya, wakainuliwa tena miaka ya 1990 kwa msaada wa Wajapani. Anakena ni ufukwe wa kuogelea, beba maji.

Usiguse sanamu wala kukanyaga majukwaa yake, ni makaburi ya wazee wa wenyeji.